Shahidi wa maabara naye ahojiwe

Ndugu msomaji, mazungumzo ya wiki hii yalianzia nyumbani kwa kaka yangu, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, pale mke wake aliponiletea karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. "Shemeji," aliniambia, "wewe kila wiki unasema redioni. Hebu nisemee na hili." Karatasi zote mbili zilikuwa na jina lake, umri wake na ugonjwa wake, yaani saratani ya titi. Ya kwanza ilisema kwamba uvimbe wake hauna vipokezi vya estrojeni. Ya pili, iliyotoka wiki sita baadaye akiwa amekwisha kufanyiwa upasuaji, ilisema vipokezi hivyo vipo, tena kwa wingi. Mwanamke ni yule yule na titi ni lile lile. Shemeji yangu alitaka kujua karatasi ipi inasema kweli, na ni nani aliyemdanganya.

Swali lake si dogo. Estrojeni ni homoni, na kipokezi ni protini iliyomo ndani ya seli inayoidaka homoni hiyo. Uvimbe wenye vipokezi hivyo hulishwa na homoni, na dawa iitwayo tamoksifeni huuziba mlango huo. Ni vidonge ambavyo mgonjwa humeza nyumbani kwake, aghalabu kwa miaka mitano au zaidi. Pasipo vipokezi, vidonge hivyo havimsaidii. Kwa hiyo neno moja katika karatasi, "chanya" au "hasi", ndilo linaloamua kama mgonjwa atapewa dawa hiyo au atanyimwa.

Basi nikaanza kuulizauliza. Nimewasumbua madaktari wawili, fundi mmoja wa maabara, na kijana mmoja mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa na subira kubwa kwangu. Wote wanne, kila mmoja kwa njia yake, walinipeleka kwenye kitu kimoja: kichupa kidogo kuliko kidole gumba, kinachokaa katika jokofu. Ndani yake mna kingamwili.

Kingamwili tunazo sote. Mwili huzitengeneza kila unapoingiliwa na mgeni, na kila moja huumbwa ili imshike mgeni wake, kama ufunguo na kitasa chake. Wanasayansi waliona zamani kwamba tabia hiyo inaweza kutumiwa nje ya mwili. Ndani ya seli moja mna maelfu ya aina za protini, na darubini ya kawaida haiwezi kumwonyesha mtu kwamba hii ni protini fulani na ile ni fulani. Lakini ukipata kingamwili inayoshika protini moja tu, ukaiambatanisha na rangi, kisha ukaimwagia juu ya kipande chembamba cha uvimbe, mahali penye protini hiyo patageuka rangi ya kahawia na pengine pote patabaki vilevile. Hivyo ndivyo kipimo cha shemeji yangu kilivyofanywa. Hivyo pia ndivyo sehemu kubwa ya utafiti wa saratani duniani inavyofanywa, maana mtafiti haioni protini anayoisaka. Anachokiona ni rangi iliyoachwa na kingamwili. Kwa maneno mengine, anategemea neno la shahidi.

Zamani shahidi huyo alitoka kwa mnyama. Sungura au mbuzi alidungwa protini, damu yake ikachukuliwa, na katika damu hiyo mlikuwa na mchanganyiko wa kingamwili za kila namna. Sungura akifa, habari imekwisha, na sungura wa pili hatoi kitu kile kile. Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, César Milstein, mzaliwa wa Argentina, na kijana wa Kijerumani Georges Köhler, walipata ufumbuzi. Walichukua seli za bandama ya panya aliyekwisha kudungwa, ambazo hutengeneza kingamwili lakini hufa upesi, wakaziunganisha na seli za saratani ambazo hazichoki kuzaana. Seli chotara iliyopatikana iliendelea kuishi na kutoa kingamwili ya aina moja tu, leo na kesho na keshokutwa. Saratani yenyewe ikawa imetiwa kongwa la kuwatumikia watu wanaoitafiti. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne wa Denmark. Ugunduzi wao hawakuuwekea hakimiliki, na kwa hilo wamewafaa watu wengi kuliko wanavyotajwa.

Kingamwili kwa jumla zimezaa matunda mengi. Mwaka 1979 watafiti wa nchi kadhaa walikuwa wanatumia kingamwili kuivua protini ya kirusi kimoja kinachowatia wanyama saratani. Kila walipovuta ndoana, pamoja na samaki waliyemtaka alikuja na mwingine ambaye hawakumjua. Je, samaki huyo ameshikwa na ndoana, au ameng'ang'ania mkia wa mwenzake? Ilibidi waulize hivyo na watafute jibu kabla ya kutangaza. Ikaonekana kwamba ni protini ya seli yenyewe iliyojishikiza kwenye ile ya kirusi. Ikapewa jina la p53, kutokana na uzito wake. Kwa miaka kumi watu waliidhania kuwa mchochezi wa saratani, na ilipofika 1989 ikabainika kwamba kazi yake ni kinyume kabisa: huizuia. Leo inajulikana kuwa jeni yake imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu.

Kisa kingine ni cha protini ya HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya saratani za titi zina nakala nyingi mno za jeni ya protini hiyo, na kwamba wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wanazidiwa haraka kuliko wengine. Kingamwili ya panya iliyotengenezwa maabara ili kuishika HER2 ilifanyiwa marekebisho ifanane na ya binadamu, ikawa dawa, nayo ni trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Tangu 2015 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ni bahati ya pekee kitu cha kupimia kikageuka kuwa cha kutibia.

Nimeanza na sifa kwa makusudi, ndugu msomaji, ili usije ukadhani nimekuja kuibeza elimu hii. Sasa nigeukie upande wa pili.

Polisi wanapotaka kumpima shahidi huandaa gwaride la utambulisho. Watu wanapangwa mstari, shahidi anaitwa, anaambiwa amwonyeshe mtu aliyemwona usiku ule. Akimgusa bega mshukiwa, watu huridhika. Lakini tuseme siku moja mshukiwa aondolewe kabisa katika mstari, na shahidi asiambiwe. Shahidi wa kweli atapita mwanzo hadi mwisho, atarudi na kusema, "Afande, hayupo." Yule mwingine atamgusa mtu bega vilevile, kwa sababu wamefanana pua. Gwaride la namna hii la pili ndilo linalopima shahidi, na kwa miaka mingi kingamwili nyingi ziliuzwa na kununuliwa bila kupitishwa humo.

Angalia yaliyowapata watafiti wa hospitali ya Mount Sinai, mjini Toronto, Kanada. Walikuwa wanaisaka protini iitwayo CUZD1, wakiamini kwamba ikipimwa katika damu itafichua saratani ya kongosho mapema. Wote wanaoijua saratani ya kongosho wanajua thamani ya neno hilo "mapema", maana kwa kawaida hugunduliwa wakati imekwisha kusambaa. Wakanunua seti ya kupimia iliyotengenezwa tayari, wakapima, na majibu yakatoa matumaini. Baadaye wakafanya kazi ya kuichunguza seti yenyewe, wakakuta kwamba kingamwili iliyomo haishiki CUZD1 hata kidogo. Ilikuwa inashika CA125, protini nyingine ya saratani inayojulikana tangu miaka ya 1980, hasa kwa ugonjwa wa ovari. Miaka miwili ilikuwa imekwenda, pamoja na dola 500,000 na maelfu ya sampuli za wagonjwa. Watafiti hao waliyachapisha makosa hayo wao wenyewe mwaka 2014, na mimi nawavulia kofia. Ni wangapi waliotambua jambo la aina hiyo wakalifungia kabatini?

Tena wao walipoteza miaka miwili tu. Mwaka 1996 Sweden iligunduliwa aina ya pili ya kipokezi cha estrojeni, ikaitwa beta. Utafiti mwingi ukafuata wa kueleza kipokezi hicho kipo wapi mwilini na kinafanya nini katika saratani ya titi. Mwaka 2017 wanasayansi wa huko huko Sweden walichukua kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika kukitafuta, wakazipitisha katika gwaride nililolieleza. Iliyofaulu ilikuwa moja. Walipoitumia hiyo moja kulitazama titi, zima na lenye saratani, hawakukiona kipokezi hicho. Miaka ishirini na zaidi, msomaji, watu walikuwa wanabishana juu ya mtu ambaye pengine hakuwepo mahali pa tukio.

Kijana wangu mtafiti alinionyesha kichupa kimoja katika jokofu lao. Kimiminika chake ni sehemu ya kumi ya mililita, matone mawili hivi, na bei ya kichupa cha namna hiyo kwa kawaida ni kati ya dola 300 na 500 za Kimarekani. Husafirishwa katika baridi, hungoja uwanja wa ndege mpaka ushuru na hati zikamilike, kisha huanza maisha mapya mahali ambapo umeme hukatika. Nilimwuliza kama kiliwahi kupimwa kama kinashika kweli kile kilichoandikwa juu yake. Akacheka kidogo. "Mzee, hela ya kichupa ilitoka kwa taabu. Ya kununua cha pili ili nikilinganishe na cha kwanza itoke wapi?" Katika nchi tajiri kosa la kichupa kibaya ni hasara ya fedha, nayo si ndogo. Mwaka 2015 zaidi ya wanasayansi mia moja walitia saini makala iliyokadiria kwamba dunia inapoteza dola milioni 800 kwa mwaka kwa kingamwili zisizofaa. Kwa mwanafunzi wa kwetu kichupa kimoja kibaya ni shahada nzima.

Lipo na tatizo la kichupa kilicho kizuri leo na kibaya kesho. David Rimm, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale, alitengeneza kipimo cha kusaidia tiba ya melanoma, saratani ya ngozi. Kilifanya kazi vizuri mpaka alipoagiza kingamwili mpya zenye majina yale yale ya mwanzo. Hakupata tena majibu ya awali, na kipimo hakikufika kwa wagonjwa. Mama lishe akibadilisha mchele wateja watamwambia siku hiyo hiyo. Kichupa kikibadilika hakuna mteja wa kulalamika, labda rangi ya kahawia iliyozidi au kupungua, na rangi haisemi sababu.

Nini kinafanyika? Dawa ya kwanza ni gwaride lenyewe. Siku hizi upo utaalamu wa kuikata jeni moja ndani ya seli, ujulikanao kama CRISPR, uliofanya kazi hiyo iwe rahisi tangu 2012. Seli za kawaida zinawekwa upande mmoja, na seli zile zile zilizoondolewa protini inayotafutwa zinawekwa upande wa pili. Kingamwili njema itatia rangi za kwanza na kunyamaza kwa za pili. Kabla ya hapo watafiti walitegemea seli zilizopoteza protini fulani kwa ajali yake, na baadhi zilitoka kwetu Afrika. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 seli za kijana wa Kiafrika wa miaka 16 mwenye ugonjwa huo zilioteshwa maabara, nazo zinaishi mpaka leo katika majokofu ya dunia nzima. Seli hizo hazitengenezi protini iitwayo beta-2-maikroglobulini. Kingamwili inayodai kuijua protini hiyo, ikizitia rangi seli za kijana yule, imejiumbua yenyewe.

Dawa ya pili ni kuachana na mnyama. Maelezo ya kingamwili huandikwa kama mapishi, herufi kwa herufi, kisha seli za maabara huamrishwa kuipika. Anayeyashika mapishi ataipika kingamwili ile ile baada ya miaka thelathini. Na ya tatu ni kuyatangaza majibu ya gwaride hadharani. Kikundi kimoja chenye makao Montreal, Kanada, kwa kushirikiana na makampuni yenyewe, kilipima kingamwili 614 za madukani na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Protini zenyewe zilikuwa za magonjwa ya ubongo wala si za saratani, lakini maduka ni yale yale. Zaidi ya nusu zilianguka katika kipimo kimoja au zaidi. Makampuni yaliziondoa sokoni baadhi yake. Nyingine nyingi yalizibadilishia maelezo ya matumizi. Sikutazamia kusifu makampuni katika safu hii, ila kwa hili nayasifu.

Sasa turudi kwa shemeji, maana ananingoja.

Kingamwili ya kumpima ilikuwa njema. Hilo fundi wa maabara alinihakikishia, kwa sababu ni zile za hospitali, zilizojaribiwa miaka mingi. Lakini hata shahidi mwaminifu hawezi kumtambua mtu aliyechomwa uso. Kinyama kilichokatwa mwilini huanza kuoza papo hapo, na protini zake hupoteza umbo. Kanuni za wataalamu zinataka kitiwe ndani ya formalini kabla ya saa moja kupita, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Huko Kanada, katika mkoa wa Newfoundland na Labrador, vipimo vya vipokezi vya homoni vilivyofanywa kati ya 1997 na 2005 vilikuja kurudiwa, na wanawake karibu 400 wakaonekana walipewa majibu yasiyo sahihi. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Margaret Cameron, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilizitaja kasoro za kila hatua, tangu kinyama kinapohifadhiwa mpaka rangi inaposomwa. Wengi wa wanawake hao walikuwa wameambiwa "hasi" na kunyimwa vidonge ambavyo vingewafaa. Hiyo ni nchi yenye umeme wa uhakika na formalini tele.

Fundi wangu akanifundisha jambo moja ambalo nisingelijua. Pembeni ya uvimbe wa titi aghalabu huwapo vijia vya maziwa vya kawaida, ambavyo baadhi ya seli zake zina vipokezi vya estrojeni kwa maumbile. Kipimo kikifanyika sawasawa, seli hizo nazo hupata rangi. Zisipopata, msomaji wa kipimo hana ruhusa ya kuandika "hasi". Anatakiwa aseme kwamba shahidi hakuona chochote, arudie. Katika kinyama cha kwanza cha shemeji, kilichotolewa kwa sindano, hapakuwa na kijia hata kimoja cha kawaida. Hapakuwa na wa kumwamsha aliyelala.

Nikamwuliza kaka yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekibeba. Alipewa kichupa mkononi Ijumaa jioni, katika hospitali ambayo sitaitaja, akapanda daladala kwenda maabara ya nje, akakuta wamefunga. Kichupa kikakaa nyumbani mpaka Jumatatu. Nikamwuliza kilikuwa na harufu gani. Akafikiri kidogo, akasema hakikuwa na harufu yoyote, kilikuwa kama maji. Wala mtu mwenye pua hawezi kuisahau formalini. Walikuwa wameishiwa, wakamtilia maji ya chumvi, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo nilimjibu shemeji kwamba karatasi ya pili ndiyo ya kuaminiwa, na daktari wake alikwisha kuamua hivyo kabla yangu. Aliyeandika ya kwanza hakudanganya, aliandika alichokiona, lakini hakupaswa kukiandika. Shemeji hakuridhika sana na jibu hilo, nami simlaumu. Wiki sita ni nyingi kwa mtu anayejiona hana dawa.

Kaka yangu naye alinisimulia namna alivyobeba mzigo wa pili, siku ya upasuaji. Safari hiyo ulikuwa katika ndoo ndogo yenye mfuniko, na daktari mpasuaji alimwambia, "Nusa kwanza ndipo uondoke." Akafungua mfuniko pale pale ukumbini, akainama, akavuta pumzi, machozi yakamtoka, akafunga. Akakodi teksi, asiingie nao kwenye daladala.